Dozi ya polima kwenye kukamua tope la mitambo ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi rudi kutoka kwa maopereta, watu wa maabara na wale wa manunuzi. Yanaanza na ya msingi, yale ya ajabu ajabu yako mwisho. Kama presi (mashine ya kubana tope ili litoe maji) inamwaga tope sakafuni saa hii hii, ruka uende swali la 8, mengine utasoma ukitulia.

## Ya msingi

1. Polima inafanya nini hasa? Kwani presi yenyewe haiwezi kukamua?

Haiwezi. Tope linalotoka kwenye matangi ya kutuamisha ni maji kwa asilimia 96 mpaka 99, na hicho kidogo kilichobaki ni chembe ndogo ndogo ambazo nyingi zina chaji hasi, zinasukumana zenyewe kwa zenyewe huku zimeshikilia maji katikati. Ukilipeleka hivyo hivyo kwenye presi linapenya kitambaa au linachuruzika pembeni.

Polima ni molekuli ndefu sana yenye chaji (karibu zote mnazonunua ni za familia ya poliakrilamaidi), inazivuta zile chembe na kuzifunga pamoja kuwa floku, yaani vile vibonge unavyoviona kwa macho, na maji yanabaki huru. Hapo ndo presi inapata kitu cha kubana.

2. Tope la maji safi na la majitaka linatumia polima moja?

Mara nyingi hapana. Tope la majitaka limejaa bakteria na vitu vya kuoza, linataka polima ya kationiki, yaani chaji chanya, na kadiri lilivyo la kibaiolojia zaidi ndivyo chaji inavyotakiwa iwe kubwa. Tope la mtambo wa maji ya kunywa limejaa udongo na ile shabu mliyoweka wenyewe kusafishia maji, hilo mara nyingi linakubali anioniki, yaani chaji hasi, au kationiki ya chaji ndogo.

Dozi nazo zinapishana. Tope la shabu mara nyingi linatulia kwenye kilo 2 mpaka 5 za polima kwa tani ya yabisi kavu (kile kigumu kinachobaki maji yote yakiondoka), tope la majitaka linakwenda 4 mpaka 10 kwenye presi ya mkanda (ile inayobana tope kwa mikanda ya kitambaa), na sentrifuji inakula zaidi, 5 mpaka 15, kwa sababu inalizungusha tope kwa nguvu na floku dhaifu zinavunjika. Hizo ni namba za kuanzia kupimia tu, usizibandike ukutani, mwenye jibu la tope lako ni jaribio la swali la 9.

3. "Kilo kwa tani" maana yake nini? Mbona sisi tunaseti pampu kwa lita kwa saa basi?

Hapa ndo penye mzizi wa karibu kila kitu kwenye ukurasa huu. Polima haijali una maji kiasi gani, inajali una yabisi kiasi gani. Sasa pampu yako ya polima imeseti lita zile zile toka Jumatatu, wakati tope limetoka asilimia 2 limefika asilimia 4, kwa hiyo umepunguza dozi nusu nzima na hukugusa kitufe chochote.

Hesabu yake hii hapa. Tope linaingia mita za ujazo 10 kwa saa, yabisi asilimia 3, hiyo ni kilo 300 za kavu kwa saa, au tani 0.3. Unataka kilo 6 kwa tani, kwa hiyo 0.3 mara 6, kilo 1.8 za polima kwa saa. Polima yako imeyeyushwa kwa asilimia 0.3, kila mita ya ujazo ina kilo 3, basi 1.8 gawa kwa 3 unapata mita za ujazo 0.6, lita 600 kwa saa. Yabisi ikipanda kuwa asilimia 4, kwa mtiririko ule ule, unahitaji lita 800. Ikishuka kuwa 2 ni lita 400, na zile 200 za juu unazimwaga bure tena zinakuharibia (swali la 10).

Opereta anayeijua hesabu hii kichwani anaokoa hela kuliko mtambo wa kisasa ambao hakuna anayeingiza namba sahihi.

4. Nitajuaje asilimia ya yabisi kama hatuna mita kwenye bomba?

Oveni na mzani vinatosha. Pima kisahani kikavu, tuseme gramu 50.00. Weka tope, jumla iwe gramu 150.00. Kausha nyuzi 103 mpaka 105 hadi uzito usishuke tena, wengi wanaacha usiku kucha, kisha acha kipoe kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu) ndo upime. Ukipata gramu 53.00, una gramu 3 za kavu kwenye 100 za tope, asilimia 3.

Shida ni kwamba jibu linakuja kesho. Mzani wa kupima unyevu, ule wenye taa ya joto juu, unakupa jibu ndani ya shifti, kama bajeti ipo nunua. La muhimu kuliko kifaa ni unapochota sampuli: chota kwenye bomba la kuingia presi huku pampu inafanya kazi, acha yale maji ya mwanzo yaliyolala kwenye koki yatoke kwanza. Sampuli ya juu ya tangi haikuambii kitu.

## Kuyeyusha polima

5. Niiyeyushe kwa nguvu gani na ikae muda gani?

Poda: asilimia 0.1 mpaka 0.5, wengi wako 0.2 au 0.3, na ipumzike ikikorogwa polepole dakika 45 mpaka 60. Ile minyororo imejikunja, inahitaji muda wa kujinyoosha, ukiitumia baada ya dakika 15 umelipia kilo nzima umepata nusu kilo. Emalsheni, ile nzito nyeupe ya kwenye mapipa, inataka kukorogwa kwa nguvu kubwa mwanzoni kabisa inapokutana na maji, halafu dakika 15 mpaka 30 za utulivu.

Baada ya hapo usiipige tena. Mota ya kukoroga yenye kasi kubwa, au pampu ya sentrifugali ya kuhamishia, inakata minyororo na huwezi kuirudisha. Pampu ya skurubu ndio yake.

6. Tangi lina madonge ya utelezi, yanatoka wapi?

Poda imemwagwa kwa pupa. Ni ile ile ya unga wa uji ukitupwa wote kwa mara moja kwenye maji, nje unalowa unafunga, ndani mkavu. Mwaga kidogo kidogo pale maji yanapozunguka, au hakikisha ile koni ya kulowanisha ina presha ya maji ya kutosha, mara nyingi ikiziba ni presha imeshuka.

Pwani kuna la ziada: unyevu wa hewa. Dar, Tanga au Mombasa ukiacha mfuko wazi usiku mmoja poda inashikana, skurubu ya kulisha inazunguka lakini hakuna kinachoshuka, na paneli inaonyesha kila kitu kiko sawa. Fungeni mifuko, isikae kwenye sakafu ya stoo, na kila shifti mtu afungue kifuniko achungulie kwa macho yake.

7. Tunayeyushia maji ya kisima. Na ile iliyobaki jana inafaa?

Maji ya chumvi yanaizuia polima kujinyoosha, kwa hiyo visima vya karibu na bahari vinaweza kukulazimisha kutumia dozi kubwa bila kujua sababu. Chuma kwenye maji kinaivunja polima, klorini nyingi nayo hivyo hivyo. Jaribu hivi: yeyusha ndoo moja kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji safi ya bomba, fanya jaribio la swali la 9 kwa zote mbili kwenye tope moja. Zikipishana sana umepata mchawi.

Ya jana: kwa nguvu ya 0.1 au 0.2 ihesabu imeshapungua makali baada ya siku moja. Tengeneza ya kutosha shifti, usijaze tangi Ijumaa jioni.

## Kuseti na kudhibiti

8. Presi inamwaga tope pembeni! Niongeze dozi?

Subiri kwanza. Najua mkono unakimbilia kitufe cha polima, wa kila mtu unakimbilia huko, ila dozi iwe kitu cha mwisho kugusa. Punguza kwanza mtiririko wa tope, hilo linakununulia muda. Halafu nenda kwenye polima: tangi lina kitu? Poda inashuka kweli? Pampu inasukuma au inazunguka hewa? Kisha nozeli za kuoshea mkanda, kama nusu zimeziba kitambaa kimejaa uchafu na hata dozi ya mbinguni haitapitisha maji. Kisha uliza nani kafungulia tope kutoka tangi lingine, maana mara nyingi sana hapo ndo penye jibu: shifti iliyopita ilibadilisha tangi, tope limekuwa zito maradufu, hakuna aliyeandika.

Yote yakiwa sawa, hapo sasa panda kwa asilimia 10, usirukie maradufu.

9. Jaribio la bika (kikombe cha maabara) linafanywaje ili linipe namba ya kuseti?

Watu wanamimina polima kwa kukisia mpaka tope "lipendeze", hilo halikupi kitu cha kupeleka kwenye pampu. Fanya kwa hesabu. Chukua mililita 500 za tope lako la asilimia 3, ndani yake kuna gramu 15 za kavu. Dozi ya kilo 6 kwa tani ni sawa na miligramu 6 kwa gramu, kwa hiyo miligramu 90. Polima ya asilimia 0.3 ina miligramu 3 kwa mililita, basi unaweka mililita 30. Panga bika tano: mililita 15, 20, 25, 30, 35, yaani kilo 3, 4, 5, 6 na 7 kwa tani.

Miminia tope kutoka bika moja hadi jingine na kurudi, mara kumi hivi, kwa mkono ule ule na nguvu ile ile kwa zote. Halafu limwage juu ya kipande cha kitambaa cha mkanda wa zamani kilichokalishwa kwenye faneli, na upime maji yaliyoshuka ndani ya sekunde 30. Usichague ile yenye floku kubwa kuliko zote. Chagua dozi ndogo kuliko zote ambayo maji yake yameshuka haraka na ni meupe, halafu ukiiminya floku kwa vidole haivunjiki kuwa uji tena. Yenye kuvutia sana machoni kwa kawaida imeshapitiliza.

10. Dalili za kuzidisha ni zipi? Si bora iwe nyingi kuliko ndogo?

Si bora hata kidogo. Polima iliyozidi inarudi kuwa gundi. Keki, yaani tope lililokwisha kukamuliwa, inanata kwenye mkanda haibanduki kwenye kisu, kitambaa kinaziba, maji yaliyokamuliwa yanakuwa ya utelezi, yana povu. Na ukizidi kabisa, chembe zote zinageuka kuwa na chaji chanya na zinaanza kusukumana upya, kwa hiyo unaona maji machafu, unadhani dozi ni ndogo, unaongeza, yanachafuka zaidi.

Njia nzuri ya kutofautisha ni kusimama pale juu, sehemu ya kuchujia kwa uzito kabla tope halijabanwa, na kutazama nyuma ya vile vijembe vinavyolilima tope. Dozi ikiwa sawa, kila kijembe kinaacha mstari ambapo kitambaa kinaonekana kimekauka na maji yanazama papo hapo. Ukiona dimbwi la maji meusi limesimama na floku ni ndogo ndogo, dozi haitoshi au haijachanganyika. Ukiona floku kubwa nono lakini mstari wa kijembe unabaki na utando unaong'aa na maji hayashuki, umezidisha. Dakika mbili pale zinakwambia zaidi ya ripoti ya mwezi.

11. Nikibadilisha dozi nisubiri muda gani?

Presi ya mkanda inajibu ndani ya dakika chache pale juu, lakini keki mpe dakika 15. Sentrifuji mpe 20 mpaka 30. Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukigusa dozi, kasi ya mkanda na mtiririko kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia, na shifti inayofuata itaanza upya.

12. Pampu inaandika lita 600 kwa saa. Niiamini?

Ipime. Pampu ya skurubu ikichakaa mpira wake wa ndani inavujisha nyuma, skrini inaendelea kuandika 600 wakati kinachofika ni 450. Funga valvu ya tangi, ivute kutoka kwenye silinda ya kupimia kwa sekunde 30: kwa lita 600 unatakiwa uone lita 5 zimeshuka. Fanya hivyo laini ikiwa na presha ya kazi, kwa kuimwagisha kwenye ndoo wazi itaonekana nzima. Mara moja kwa mwezi yatosha.

13. Tununue mfumo wa kudhibiti dozi wenyewe?

Mfumo wa kwanza wenye maana ni mita ya mtiririko ya tope, mita ya yabisi kwenye bomba, na kompyuta ndogo inayofanya ile hesabu ya swali la 3 kila sekunde. Tope likibadilika dozi inafuata kabla presi haijalalamika. Wa pili unatazama maji yanayotoka, uchafu wake, na kurekebisha taratibu. Vizuri viwe pamoja, wa kwanza akimbie, wa pili amsahihishe polepole, kwa sababu maji yanayotoka yanakuja na habari za zamani, ukiuharakisha mfumo wa pili unaanza kuyumba juu chini siku nzima.

Maoni yangu: kama tope lenu linatoka kwenye tangi moja lililokorogwa vizuri, anzeni na mita ya mtiririko na oveni. Mita ya yabisi isiyosafishwa inajipaka utando na kusoma uongo, na mfumo utaufuata uongo huo bila kuuliza. Kama hamna mtu wa kuifuta na kuilinganisha na maabara kila wiki, hela hiyo nunueni kikorogeo cha tangi la tope.

14. Polima niiingize wapi kwenye bomba?

Wekeni sehemu za kuunganishia zaidi ya moja: karibu na presi, na nyingine mita kadhaa nyuma. Ikiingia karibu sana haijachanganyika, ikiingia mbali sana floku zinavunjika njiani, na nafasi bora inahama tope likibadilika. Kuizimua polima hadi kama asilimia 0.1 pale kabla ya kuingia kunaisaidia kusambaa, nzito mno inapita katikati ya tope ikiwa uzi mmoja. Wengi wamepunguza matumizi kwa kuhamisha mpira tu.

## Msimu na hela

15. Masika tope linaongezeka sana. Dozi ipande?

Jumla ya polima kwa siku itapanda, ila kilo kwa tani mara nyingi zinashuka. Mtambo unaovuta maji ya mto kama Ruvu, masika unapokea udongo mwingi, na tope la udongo linakamulika kirahisi. Kiangazi maji ni meupe, tope ni dogo, lakini sehemu kubwa yake ni shabu yenyewe iliyogeuka utelezi ulioshika maji, hilo ndo gumu.

Ukitaka kujua tope linalokuja kabla halijafika: miligramu za shabu kwa lita zidisha 0.44, jumlisha chembe zilizomo kwenye maji ghafi. Shabu 40 na chembe 60 zinakupa 17.6 + 60, karibu miligramu 78 kwa lita. Mtambo wa mita za ujazo 10,000 kwa siku unatoa kama kilo 780 za kavu. Ukiona presi inakamua nusu ya hiyo, nusu nyingine imejilimbikiza kwenye matangi na itakufuata.

16. Bosi anataka polima ishuke kwa gharama yoyote. Nimjibuje?

Mpe hesabu ya lori. Tani moja ya kavu kwenye keki ya asilimia 18 ni tani 5.6 za kubeba. Kwenye keki ya asilimia 22 ni tani 4.5. Tani nzima na zaidi ya maji unayolipia dizeli kuyapeleka dampo. Kama kilo moja ya polima ndo inaleta tofauti hiyo, isibanwe. Kama umeshapanda na keki haibadiliki, hapo bosi yuko sahihi, shusha mpaka uanze kuona ubaya halafu rudi juu kidogo.

Na kwenye tenda msilinganishe bei ya kilo. Tuseme poda ni sh 12,000 na ina asilimia 90 ya polima halisi, emalsheni ni sh 7,000 lakini ina asilimia 40. Kilo halisi ya poda inatoka sh 13,300 hivi, ya emalsheni sh 17,500. Halafu zijaribuni kwenye tope lenu, mlinganishe shilingi kwa tani kavu. Mapipa ya emalsheni yanajitenga yakikaa, yakorogeni na msiyaanike juani.

## Ya pembeni

17. Sisi tuna vitanda vya kukaushia tu. Polima inatuhusu?

Si lazima. Kama eneo lipo na jua lipo, acheni jua lifanye kazi. Polima inasaidia vitanda vikiwa vimezidiwa, maji yanachuja haraka na kitanda kinageuka upesi, ila ikizidi inaziba mchanga na utaubadilisha kwa gharama yako.

18. Tope la vyoo linaloletwa na magari ya kunyonya mbona halishikiki?

Kwa sababu kila gari ni tope jingine. Moja limetoka septiki ya hoteli iliyokaa miaka, jingine choo cha shimo cha jana kikiwa na mchanga, matambara na chupa. Mtambo wa Lubigi kule Kampala, ulioanza 2014, unatuamisha kwanza kisha unakausha kwenye vitanda, na hiyo ni njia ya busara. Ukitaka polima lazima uwe na tangi la kuchanganya magari mengi pamoja, bila hilo dozi ya saa nne haifai saa sita.

19. Tukiweka chokaa kwanza halafu polima?

Polima ya kationiki ya kawaida inaharibika pH ikipanda sana, kwa hiyo chokaa kabla yake ni kuitupa. Chokaa na kloridi ya feri ni njia yake yenyewe, ya presi za sahani, inatoa keki kavu ila inakuongezea uzito wa keki na harufu kali ya amonia. Ukitaka chokaa kwa ajili ya kuua vijidudu, iweke kwenye keki baada ya kukamua.

20. Mlonge unaweza kuchukua nafasi ya polima?

Mbegu zake zina protini zenye chaji chanya, ndo maana zinatuliza maji ya kisima nyumbani. Kwenye tope zinafanya kitu, lakini floku zake ni ndogo na dhaifu, unahitaji kiasi kikubwa, na mabaki yanaongeza uozo. Kwa kitanda kidogo kijijini jaribuni. Kwa sentrifuji, hapana.

21. Maji yaliyokamuliwa tuyarudishe mwanzo wa mtambo?

Majitaka, ndiyo, kawaida. Mtambo wa maji ya kunywa, kwa uangalifu: polima iwe ile iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, kwa sababu poliakrilamaidi huwa na mabaki ya akrilamaidi, na WHO imeweka kikomo cha mikrogramu 0.5 kwa lita. Yarudi kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Na msiyaelekeze mtoni dozi ikiwa imezidi, polima ya kationiki inashika matamvua ya samaki na kuwaua.

22. Polima imemwagika sakafuni, tupige maji?

Hapana, na mzuieni aliyeshika mpira. Maji yanaigeuza utelezi ambao hakuna buti linalousimamia. Mwaga mchanga au maranda, acha inyonye, ikwanguliwe yote na koleo, kisha ndo uoshe kilichobaki kwa maji mengi. Poda ikimwagika fagia ikiwa kavu, na vaa barakoa.